Anayesononeka hajipi mawazo

Lugha ni shahidi asiyejua kunyamaza. Ukitaka kujua jamii inamdhania nini mtu aliyefikwa na jambo, usiiulize, isikilize inavyomtaja. Katika miji ya Migori na Homa Bay, na vijijini mwake hadi ufuoni mwa ziwa, mwanamke aliyefiwa, kisha miezi ikapita naye haendi sokoni, hali, halali wala hajibu salamu, husemwa kwa Kiswahili kwamba “anajipa mawazo”. Wanaomtembelea humwambia “jikaze” na “jipe moyo”. Wanaozungumza naye kwa Kidholuo humwambia kik iparri, maana yake usijitie mawazo. Siku zikizidi na huruma ikipungua, husemwa kwamba amejitenga, amejiachilia, na mwishowe kwamba amejitakia.

Wanaosema hayo si watu wakatili. Wengi wao wamekuja na uji mkononi na nia njema moyoni. Walakini kabla ya daktari kuitwa, lugha imekwisha kutoa hukumu: mgonjwa ndiye mtenda, na ugonjwa ndio tendo lake. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba hukumu hiyo ni batili, na kwamba utaalamu wa leo kuhusu ubongo unaibatilisha kwa namna ambayo haituruhusu sisi majirani, walimu na viongozi kunawa mikono.

Hali ninayoizungumzia ina jina. Madaktari wa Tanzania huiita sonona. Magazeti ya Kenya aghalabu hutumia mfadhaiko au unyogovu. Mimi nachagua sonona, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Si huzuni ya kawaida, ile inayompata kila mwanadamu kisha ikampisha. Sonona hukaa karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Humwondolea mtu furaha hata katika mambo aliyoyapenda. Humnyima usingizi au humlaza kupita kiasi. Humfungia hamu ya chakula. Humchosha asipofanya kazi. Humjaza hatia kwa makosa asiyoyatenda, na pengine humfanya atamani kufa. Mwanafunzi aliyekuwa akiongoza darasa hushindwa kusoma aya moja hadi mwisho. Mwalimu aliyesifiwa kwa bidii huketi katika chumba cha walimu mbele ya rundo la madaftari asiweze kufungua hata moja.

Hebu sasa tukitazame kile kiambishi kidogo kinachotushughulisha. Kila mwalimu wa Kiswahili amekifundisha: kirejeshi nafsi -ji-, kinachomfanya mtenda awe pia mtendwa. Juma amejiosha, aliyeosha ni Juma na aliyeoshwa ni Juma. Kwa kipimo hicho, anayejipa mawazo ndiye aliyeyatoa mawazo na ndiye aliyeyapokea, basi na aache kuyatoa. Hoja hiyo huonekana nyepesi na ya haki. Lakini sarufi yetu ina siri ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Twasema pia kwamba mtu amejikwaa, na hakuna aliyewahi kukusudia kujikwaa. Twasema mtu amejikuta hospitalini, ilhali hakujitafuta huko. Kumbe -ji- haihitaji nia. Inaweza kumtaja mtu ambaye jambo limeanzia ndani yake na kumwangukia yeye mwenyewe, bila ya yeye kulitaka. Kosa basi halimo katika kiambishi. Limo katika masikio yetu.

Wala Kiswahili si peke yake. Neno la Kidholuo la wasiwasi mzito, parruok, limejengwa kwa kitenzi cha kufikiri na kiishio kile kile cha kujirejea kinachopatikana katika maneno ya kujiosha na kujisaidia. Tukivuka ziwa hadi ng’ambo ya magharibi, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, tutakuta jambo la kushangaza zaidi. Watafiti waliokwenda huko kuchunguza athari za Ukimwi hawakuanza kwa kuwauliza wanavijiji kama wana ugonjwa unaotajwa katika vitabu vya madaktari. Waliwauliza wanaathirika vipi na wanayaitaje mateso yao. Wanavijiji wakataja hali mbili kwa Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Dalili walizozieleza, zikiwekwa pamoja, zilikaribiana sana na zile ambazo madaktari huziita sonona. Na katika maneno yote mawili kimo kiambishi cha kujirejea cha Kiganda.

Lugha tatu, mbili za Kibantu na moja ya Kiniloti, zimeuona ugonjwa huu kwa jicho moja: nafsi iliyogeuka na kuwa adui yake yenyewe. Kama mwanaisimu naliona hilo kuwa ushahidi mzito dhidi ya uvumi ulioenea kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Watu hawabuni jina la kitu wasichokijua. Uvumi wenyewe, kwa hakika, una asili ya kikoloni. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Katika kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alihesabu waliofikishwa hospitalini. Lakini ni nani huletwa hospitali ya wagonjwa wa akili? Ni yule anayepiga kelele, anayevunja, anayetisha. Yule ambaye Kidholuo humwita janeko. Anayelia kimyakimya nyuma ya nyumba hamsumbui mtu, wala hakuna anayempakia garini. Ajabu ni kwamba leo tunayarudia maneno ya Carothers kana kwamba ni mila zetu.

Basi, ni nini hutokea katika ubongo wa mtu anayesononeka? Historia ya jibu hili ina mafunzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi, kwani ilianza kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Madaktari wakaona kwamba wagonjwa walichangamka kupita ilivyotarajiwa, hata wale ambao vifua vyao vilikuwa havijapona. Miaka michache baadaye, nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn aligundua kwamba imipramini iliwainua wagonjwa waliolemewa na huzuni. Kwa upande wa pili, baadhi ya watu waliotumia reserpini, dawa ya shinikizo la damu, waliripotiwa kuingiwa na majonzi yasiyo na sababu. Wataalamu walipochunguza dawa hizi wakakuta kwamba zote zinagusa kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana habari, hasa serotonini na noradrenalini. Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo.

Nadharia hiyo ilikuwa rahisi kueleweka, na kwa sababu hiyo ilienea kuliko ushahidi wake. Tangu mwanzo ilikuwa na kasoro moja iliyowakera watafiti: dawa hizi hubadilisha kiasi cha serotonini katika muda wa saa chache, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Kama tatizo lingekuwa upungufu tu, mbona tangi likijazwa gari haliondoki? Mwaka 2022 kundi la watafiti lililoongozwa na Joanna Moncrieff wa London lilipitia tafiti za miaka mingi na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa upungufu wa serotonini ndio unaosababisha sonona. Wako waliolichukua hitimisho hilo kuwa hati ya kuzikataa dawa. Hao wamekosea. Panadoli hutuliza kichwa, wala hakuna anayesema kwamba kichwa huuma kwa upungufu wa panadoli. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 522 na watu zaidi ya 116,000, ulionyesha kwamba kila moja ya dawa 21 zilizopimwa iliwasaidia wagonjwa wazima kuliko kidonge kisicho na dawa, ingawa kwa wastani manufaa hayo si makubwa. Dawa husaidia, ni maelezo yetu ya kwanza yaliyokuwa mafupi mno.

Maelezo marefu zaidi yanatupeleka kwenye mfumo wa mwili wa kukabili hatari. Mtu akikutana na nyoka njiani, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huitumia habari tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Hizo humwaga homoni iitwayo kortisoli, inayoupa mwili nguvu za haraka. Hatari ikipita, kortisoli yenyewe hurejea ubongoni kama mjumbe wa kusema kwamba yatosha. Miongoni mwa sehemu zinazompokea mjumbe huyo ni hipokampasi, ambayo pia ndiyo ghala la kutunza kumbukumbu mpya. Ni mfumo mzuri kwa nyoka. Balaa huja pale ambapo nyoka haondoki: njaa inapokuwa ya kila msimu, matanga yanapofuatana, mume anapopiga kila Jumamosi, karo inapodaiwa kila muhula. Kortisoli ikimwagika kwa muda mrefu huyapunguza matawi ambayo seli za hipokampasi hutumia kuunganika. Mpokeaji wa mjumbe anapodhoofika, breki hulegea, na homoni huzidi kumwagika.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka Ulaya na Marekani pekee. Ukitoka Migori ukielekea mashariki, ukapita Kilgoris, utafika katika mbuga ya Maasai Mara. Huko, kuanzia mwaka 1978, mtaalamu wa neva Robert Sapolsky aliwachunguza nyani wa porini mwaka baada ya mwaka, akiwalaza kwa sindano za kupuliza na kuwapima damu. Alikuta kwamba katika makundi yenye tabaka madhubuti, madume wa daraja la chini, wale wanaopigwa na kunyang’anywa kila siku, walikuwa na kortisoli nyingi hata walipokuwa wamepumzika, na breki yao ya homoni ilikuwa imelegea kama ionekanavyo kwa wagonjwa wengi wa sonona. Na mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbili waliofugwa katika kituo cha utafiti hapa Kenya. Waliokufa kutokana na kuonewa kwa muda mrefu na wenzao walikutwa na vidonda vya tumbo, na seli za hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika.

Kwa binadamu, uchambuzi wa mwaka 2015 uliolinganisha picha za ubongo za wagonjwa zaidi ya 1,700 na watu wengine zaidi ya 7,000 ulionyesha kwamba hipokampasi za wagonjwa zilikuwa ndogo kidogo kwa wastani, hasa kwa wale ambao ugonjwa uliwarudia mara kwa mara au uliwaanza wakiwa wachanga wa umri. Tofauti ni ndogo. Haiwezekani kumpima mtu mmoja kwa picha na kutangaza kwamba ana sonona. Lakini yatosha kutueleza kwa nini yule mwanafunzi hawezi kumaliza aya. Hasinzii wala hapuuzi. Sehemu ya mwili wake inayohitajika kuishika aya hiyo imelemewa.

Liko pia jambo la urithi. Tafiti za pacha zilizochambuliwa pamoja mwaka 2000 ziliukadiria mchango wa jeni katika sonona kuwa takriban asilimia 37. Si haba, lakini sehemu iliyobaki ni kubwa zaidi. Tena kuna uvimbe wa ndani, yaani ile hali ya askari wa mwili kupigana bila kupumzika. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni, ambayo huwaamsha askari hao, waliingiwa na sonona kwa idadi isiyo ndogo, hata wale waliokuwa wachangamfu kabla ya matibabu. Maradhi ya mwili na majonzi ya moyo hupitia mlango mmoja.

Hapo ndipo inaponibidi kurejea Homa Bay na Migori, maana milango hiyo huku imefunguliwa yote kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, asilimia 19.6 katika Homa Bay na asilimia 13 katika Migori walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Virusi hivyo huuweka mwili katika vita hata pale dawa zinapovidhibiti. Efavirenzi, dawa iliyotumiwa sana kwa miaka mingi kabla ya kubadilishwa, ilijulikana kuwaletea baadhi ya watumiaji majinamizi na huzuni. Ongeza juu yake mayatima, wajane, ziwa ambalo samaki wake si wa kutegemewa kama zamani, na ufukwe ambako mwanamke hulazimishwa kuuza mwili ili auziwe samaki. Ukiyajumlisha hayo, bado utamwambia mtu kwamba anajipa mawazo? Mawazo amepewa.

Kuna utafiti uliofanywa papa hapa ambao kila mwalimu anafaa kuujua. Ulikuwa mradi ulioitwa Shamba Maisha, wa watafiti wa taasisi ya KEMRI na wa Chuo Kikuu cha California, uliofanyika katika vituo 16 vya afya katika kaunti za Homa Bay, Migori na Kisumu kuanzia mwaka 2016. Watu zaidi ya 700 wanaoishi na virusi walishiriki. Nusu ya vituo, vilivyochaguliwa kwa kura, viliwapatia washiriki wake mkopo wa kununua pampu ya kumwagilia maji na pembejeo, pamoja na mafunzo ya kilimo na ya kutunza fedha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kwa upande wa kuvidhibiti virusi, makundi mawili hayakutofautiana. Lakini kundi lililopewa pampu lilipungukiwa na njaa, na dalili zake za sonona zikapungua pia kuliko za kundi jingine. Hakuna kidonge cha sonona kilichogawiwa katika mradi huo. Kilichogawiwa ni uwezo wa kunyunyizia sukuma wiki wakati wa kiangazi.

Yafaa tulielewe jambo hili vyema, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea njia. Wapo wanaosema: kama ugonjwa uko ubongoni, basi ni kazi ya daktari na dawa zake, sisi wengine tuondoke. Wapo wanaosema kinyume: kama pampu imeponya, basi haukuwa ugonjwa wa ubongo, ulikuwa umaskini tu. Wote wawili wamegawanya kisichogawika. Ubongo si chumba kilichofungwa. Ni mahali ambapo njaa, msiba na dharau hugeuka kuwa nyama na damu. Na kwa mlango ule ule, chakula, heshima na mazungumzo huingia na kuanza kujenga upya. Wale nyani wa Mara wanatufundisha hili pia. Katikati ya miaka ya 1980, kundi mojawapo lilipoteza madume yake makali, yaliyokufa kwa kifua kikuu baada ya kula mabaki katika jalala la hoteli ya watalii. Walibaki majike na madume wapole. Miaka kumi baadaye madume wale wapole nao hawakuwapo tena, na nafasi zao zilishikwa na wageni kutoka makundi mengine. Lakini wageni hao waliiga upole walioukuta. Na katika kundi hilo wa daraja la chini hawakuwa na zile dalili za dhiki katika damu zao. Daraja za juu na chini zilibaki. Kilichobadilika ni jinsi waliotangulia walivyowatendea waliokuwa chini. Ikiwa nyani waliweza, shule ya sekondari ya bweni itashindwa?

Mazungumzo nayo ni tiba. Wale wanavijiji wa Masaka na Rakai niliowataja hawakuishia kutoa majina ya maradhi yao. Vijiji 30 viliingizwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Katika baadhi ya vijiji, wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu, wakazungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Mwishoni, waliobaki na sonona katika makundi hayo walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji ambavyo havikupata makundi walikuwa asilimia 54.7. Nchini Kenya, jaribio la Shamiri lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi; vijana waliomaliza sekondari karibuni waliongoza vikao vya wiki nne, na dalili zikapungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Haya hayakuhitaji jumba la ghorofa wala mashine. Yalihitaji mwavuli wa mti, viti vichache na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Sheria yetu, kwa muda mrefu, ilisikia vibaya kama sisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuiacha sheria ya namna hiyo mwaka 1961. Hapo tena kiambishi -ji- kilisomwa kama kwamba ni ungamo la mshtakiwa. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahakama imekwisha kujirekebisha. Imebaki zamu ya barazani, kanisani, msikitini na darasani.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Siwaombi muwe madaktari. Nawaomba mambo matatu yaliyo katika uwezo wenu. Kwanza, mtazameni yule aliyenyamaza. Mwanafunzi mtukutu hujitangaza. Anayesononeka hujifuta polepole. Alama zikishuka ghafla, sahani ikirudi na chakula, marafiki wakiachwa, na hali hiyo ikadumu kwa wiki mbili, hilo si suala la nidhamu. Fimbo, ambayo serikali iliipiga marufuku shuleni tangu mwaka 2001, ni nyoka mwingine kwa ubongo uliokwisha kuzingirwa na nyoka.

Pili, badilisheni swali. Badala ya “Umefanya nini?” na “Mbona unajifanya hivi?”, ulizeni “Umepatwa na nini?” Katika swali hili mwanafunzi si mtenda tena, ni mtu aliyefikwa na jambo, na jambo hilo laweza kutajwa. Wala msiogope kumwuliza kwa upole kama amefikiria kufa. Swali hilo halimpandikizi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humtua mzigo ambao hakujua pa kuuweka.

Tatu, mpelekeni anakoweza kusaidiwa, na mwende naye: kwa mshauri wa shule, kwa mzazi au mlezi, kwa kituo cha afya kilicho karibu, na ikilazimu kwa hospitali ya rufaa ya kaunti. Amitriptilini na fluoksetini ni dawa za siku nyingi, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ombi na wimbo wa kanisani visikatazwe. Lakini visitumiwe kuchelewesha safari ya hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya niyasemayo juu ya mwanafunzi yanamhusu pia mwalimu anayeketi peke yake mbele ya madaftari yasiyofunguliwa. Yeye pia anahitaji mwenzake wa kumwuliza amepatwa na nini.

Nanyi wanafunzi, mkiona mwenzenu bwenini hainuki asubuhi, msimwite mvivu mpaka mmemsikiliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilisema kwamba nimelichagua neno sonona kwa sababu. Kutokana nalo tunapata sononeka, na kiambishi -ek- kilichomo ni ndugu wa -ik- tunayoikuta katika vunjika, pasuka kwa sura yake nyingine, na katika usemi wetu wa kuvunjika moyo. Walimu huiita kauli ya kutendeka. Kauli hii humtaja aliyepatwa na hali bila ya kumfanya mtenda na bila ya kumtafutia wa kulaumiwa. Chungu kikivunjika hatukiambii kijikaze. Tunauliza kimeangukia nini, na kama kuna namna ya kukiunga. Ubongo ni kitu hai, nao, tofauti na chungu, una uwezo wa kuunga nyufa zake ukipewa muda, dawa, chakula na watu. Neno la haki tunalo tayari katika lugha yetu wenyewe. Tulitumie.